Ufunguo wa Alhamisi

...mbona haugeuki, geuka basi, kengele imeshalia, na korido kimya, watoto hawajapanda ngazi, afadhali, wangemkuta Rukiya anapigana na mlango, bega limekufa ganzi kwa begi, sauti imepotea tangu Jumatatu, mwalimu wa dini anafundisha kwa kunong'ona na darasa linacheka, wacheke, ni watoto... tangu saa za dini zipunguzwe kutoka mbili kwa wiki hadi moja, shule zake mbili zimekuwa tano ili saa za ajira zitimie, mkate anaula ndani ya tramu amesimama, watoto mia nne na hamjui hata mmoja kwa jina, na juzi mezani akamwambia Tasnim, binti yake wa kumzaa, wewe wa nyuma, kaa chini, astaghfirullah, mtoto akakaa kweli, kijiko mkononi... "Madame Rukiya," ni Alphonsine, anapiga deki mwisho wa korido, subiri kidogo, mama, mlango kwanza... daktari alimwandikia wiki mbili za kupumzika, karatasi imo begini, imekunjwa mara nne, nani aipeleke, mkuu wa shule ya Saint-Gilles alishamwambia kwa ule upole unaouma kuliko tusi, bibie, ukikosa Alhamisi nyingine saa zako nampa mtu mwingine, na akizipoteza hizo ajira yote inaanguka, halafu mama yake huko nyumbani Buyenzi kwenye simu, mwanangu, kazi ya kivulini, chaki tu, kinakuchosha nini, akaenda kulia chooni bomba likiwa wazi, mvivu, ndiyo, labda ni mvivu tu, wenzake mbona wanaweza... "Madame, uko mugonjwa? Leo ni jeudi, ee. Huku Saint-Josse unakuyaka mardi." Jeudi, Alhamisi, siyo mardi, siyo Jumanne. Akautazama ufunguo, una utepe wa kijani, wa Saint-Gilles, mkono uliijua siku, miguu haikuijua, na sasa hivi huko Saint-Gilles watoto wamepanga mstari uani na mkuu anatazama saa yake, akaingoja ile hofu impande kifuani kama kila siku, akaingoja, haikuja, kumbe si uvivu, kumbe daktari hakumwonea huruma tu, aliandika alichokiona... ninaumwa, akamwambia Alphonsine, midomo ikatikisika bila sauti, na mkono wake bado uko kwenye ufunguo.