Kapasita ya Kahawia

Wifi aliitua amplifaya ya marehemu kaka yangu juu ya meza yangu ya kazi, kisha akaweka kando yake mfuko mdogo wa nailoni.

"Irudishe kama ilivyokuwa siku ile," alisema. "Kama ilivyotoka mikononi mwako."

Kaka alikuwa mpiga gitaa. Miezi minne iliyopita, jukwaani, vidole vikiwa kwenye nyuzi, alisogeza mdomo kwenye maikrofoni aanze kuimba. Hakuanza; alianguka, akafa palepale. Baadaye bendi iliipeleka amplifaya kwa fundi mwingine, naye akaiongezea waya wa ethi, ule wa kuupeleka ardhini umeme unaovuja, na kung'oa vipande vya zamani. Vipande hivyo ndivyo vilivyokuwa mfukoni.

"Wifi, yaliyopita..."

"Yamepita kwako. Mimi mama yenu hanifungulii mlango. Eti nilimnywesha pombe. Eti chombo kilikuwa kizima, maana kimetengenezwa na mwanawe. Chupa moja, wifi! Chupa moja inaua?"

Nikachukua bisibisi.

Kazi ilikula asubuhi nzima. Niliung'oa waya mpya, nikarudisha ule mkuukuu usio na ethi. Kila kipande nilikirudisha mahali pake kwa kufuata alama za risasi yangu mwenyewe ya kulehemu. Naijua: ndogo, inang'aa, haina mkia. Mfukoni kikabaki kipande kimoja, kapasita ya kahawia ya kuchuja umeme, nene kama kidole cha mtoto, ya kukaa kati ya waya wa umeme na bodi, yaani kasha la chuma. Nilipoishika, niliikumbuka.

Kaka alikuwa na wazimu wa vitu halisi. "Usinichanganyie mambo mapya humo," aliniambia siku aliponiletea amplifaya. "Nataka ile sauti ya kiwandani." Dukani kapasita mpya zilikuwepo. Mimi, kwa kumfurahisha na kwa kujishaua pia, nikaichomoa hii kwenye mzoga wa redio wa umri uleule. Rangi ileile, namba zilezile. Tukagongesha viganja kama watoto. Sikuipima.

"Mbona umeganda?" wifi aliuliza.

"Natafuta risasi."

"Fundi gani anatafuta risasi aliyoishika?"

Nikailehemu. Kisha nikachukua balbu yenye nyaya mbili. Waya mmoja nikaufunga kwenye bodi ya chuma, mwingine kwenye bomba la maji linalozama ardhini. Nikachomeka plagi ya amplifaya.

Balbu ikawaka. Haikufifia wala kucheza. Iliwaka kama ya sebuleni.

"Inawakaje?" wifi alisema. "Hiyo balbu hujaichomeka ukutani."

"Inawashwa na bodi. Na nyuzi za gitaa zimeungana na bodi; maikrofoni nayo ni kama hilo bomba."

Nikachomoa plagi, nikakata mguu mmoja wa kapasita, nikachomeka tena. Balbu haikuwaka.

Wifi aliitazama, akanitazama. Ningeweza kusema kapasita ilioza humo mfukoni. Angeamini. Nani mwingine angempimia?

"Ni mimi," nilisema. "Niliweka kitu kibovu. Sikukipima."

Alinisogezea simu yangu. "Mwambie yeye."

Mama alipopokea nikaweka spika. Nilimweleza yote: redio, kapasita, balbu. Nilipomaliza, aliuliza:

"Uko na nani hapo? Na yule mwanamke?"

"Mama, umenisikia lakini?"

"Nimekusikia. Nilikuwa na watoto wawili, nimebaki na mmoja. Huyo mmoja hakumuua mwenzake. Ni pombe. Usinirudie tena na maneno hayo."

Akakata.

Wifi alikuwa amekaa kwenye stuli ya wateja, viganja juu ya magoti, macho kwenye simu.

"Mpigie tena."

Nikapiga. Iliita mpaka ikakatika yenyewe.

"Tena," alisema.