Paka wa Paa Mwenye Pengo

Kila paka wa paa, yule wa udongo anayekalishwa juu ya nyumba kuilinda, aliyetoka mikononi mwa Dong Cuihe alitoka na heri ya mwenye nyumba. Isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa bado hajamfinyanga. Alimbeba moyoni miaka kumi na moja, akimngojea mwenyewe aje.

Mwenyewe alikuwa jirani yake, Yin Kaifu. Mwaka ule alipoongeza ghorofa, Kaifu alikuja kuchukua paka kwa Cuihe, akasema atamtazamisha bondeni. Paka wa paa hukaa kinywa wazi ili ameze mabaya yanayokuja, kwa hiyo hatazamishwi mlango wa mtu; atameza na walio ndani. Hata watoto wanalijua hilo. Kaifu akampandisha paka bila mtambikaji wala Cuihe kuwapo, akamlenga kwenye lango la Cuihe, kwa sababu ya ugomvi wa mfereji wa shamba ambao watu wote walikwisha kuusahau.

Shuming, mume wa Cuihe, mtu wa pengo na nyusi moja iliyopanda, alikwenda kumsihi. Akamkuta Kaifu amekaa kwenye kigoda uani, chini ya kuta zake mpya, anakunywa chai.

"Paka wangu, paa langu," Kaifu alisema. "Ukitaka ageuke, panda umgeuze. Au miguu yako ni ya kufinyangwa pia?"

Shuming akapanda. Vigae vilikuwa na umande. Alianguka hatua mbili tu kutoka kwenye kile kigoda cha chai, asiamke tena. Na msibani, mdomo umejaa mbegu za alizeti, Kaifu akamwambia mtu wa pembeni, "Paka wangu ana meno kweli." Cuihe alikuwa nyuma yake na sinia la wali. Alisikia.

Baada ya mazishi Kaifu alimgeuza paka kimyakimya. Hakuomba radhi.

Majira haya ya kuchipua ilinyesha mvua ya mawe, ikampasua yule paka vipande vitatu. Mkaza mwana wa Kaifu, Xiurong, alikuwa na mimba ya miezi sita, naye alikwisha kupoteza mbili. Mtambikaji akasema mimba ya tatu isikae chini ya paa tupu. Kaifu akaleta paka wa sokoni, mtambikaji akamkataa. "Huyu ametoka kwenye kalibu, hana mama. Nani atamwelekeza?"

Maana ndivyo ilivyo kwao: mwenye nyumba humbeba paka juu, na aliyemfinyanga husimama chini, akisema kushoto au kulia mpaka aridhike. Na wafinyanzi wengine wote walikwisha kufa, akabaki Cuihe.

Basi Kaifu akaja na paja la nguruwe lililokaushwa.

"Shemeji Cuihe, hujambo? Ya zamani yamepita."

"Yamepita wapi? Mbona sikuyaona langoni?"

"Usinifanyie hivyo. Kuna mtoto."

"Nitakufinyangia," alisema Cuihe. "Lakini utapanda mwenyewe. Usinipandishie fundi."

"Nina miaka sitini na tisa, shemeji! Na tumbo hili!"

"Tumbo liache chini, wewe panda."

Alimfinyanga kwa siku nne, bila haraka. Kila alipoukanda udongo aliona jinsi itakavyokuwa: Kaifu juu, macho yamemtoka, asijue paka anatazama wapi; na yeye chini akisema kushoto, kushoto tena, mpaka kinywa kiangalie mlango wa Kaifu mwenyewe, ule wa ng'ambo ya ua. Kimle yeye na ukoo wake. Aliwaza hivyo, akaendelea kukanda.

Siku yenyewe kijiji kizima kilikuja, watu wakitafuna plamu chachu. Mtambikaji akatia nafaka za aina tano kinywani mwa paka, akatoboa kilemba cha jogoo kwa sindano, akampaka paka damu ile machoni ili yafunguke. Paka aliyefunguliwa macho hawekwi chini tena. Atakapogusa ndipo makazi yake.

"Haya, Bwana Kaifu," alisema Cuihe.

Kaifu akapanda ngazi akihema, paka amefungwa kifuani kwa mbeleko. Alipoketi juu ya mgongo wa paa na kumtoa, ndipo walipoonana uso kwa uso. Paka alikuwa na pengo juu, upande wa kushoto. Nyusi moja ilikuwa imepanda kuliko ya pili. Kijiji kizima kiliijua sura hiyo.

"Cuihe," Kaifu aliita, sauti imekauka, "huyu... huyu ni nani?"

"Ni paka. Mwelekeze kushoto."

Kaifu akamgeuza. Kigae kimoja kikateleza, kikavunjika uani. Watu wakaguna.

"Kushoto tena. Hapana, umezidisha. Rudi."

"Mikono inakufa ganzi!"

"Ya Shuming ilikufa pia. Umekalia palepale alipoteleza. Waambie watu nani alimtuma."

"Mama Mkubwa!" Xiurong aliita kutoka mlangoni, mkono juu ya tumbo. Ndiye aliyekuwa akimpitishia Cuihe maharage juu ya ukuta, mkwewe asipoona.

Cuihe akamtazama, kisha akatazama kinywa cha paka. Kilikuwa karibu kabisa na kuuelekea mlango aliosimama Xiurong. Upana wa kiganja tu, na neno moja.

"Waambie, Kaifu!" alipaza sauti. "Mimi sina haraka."

Jasho likamdondoka Kaifu kidevuni.

"Mimi nilimtuma!" alilia. "Nilimwambia apande! Nilimdhihaki!"

"Na msibani ulisema nini?"

"Nilisema... nilisema paka wangu ana meno. Nisamehe, shemeji!"

"Sikukuuliza hilo," alisema Cuihe. "Kulia. Kulia tena. Inua kichwa chake kidogo. Hapo. Mkalishe."

Paka akakaa kwenye chokaa mbichi ya mgongo wa paa, kinywa wazi kuelekea bondeni, mbali na milango yote. Xiurong akaketi kizingitini, akalia. Kaifu ilibidi vijana wawili wamshushe kwa kamba, kama gunia.

Mtambikaji alikuja kumpongeza Cuihe kwa moyo wake mweupe. Cuihe alikuwa anapima kwa jicho kutoka kinywa cha paka kwenda bondeni. Mstari ulipita sawasawa juu ya kigoda ambapo Kaifu hunywa chai kila asubuhi. Akikaa pale na kuinua macho, atakutana na lile pengo. Na paka aliyefunguliwa macho, akiisha kugusa chokaa, hashushwi wala hageuzwi na mtu.

"Lile paja la nguruwe," Cuihe alimwambia Xiurong alipokuwa akitoka, "njoo ulichukue. Wewe ndiye unayekula kwa wawili."