Msemaji wa Mzee Nkwabi

Sajenti Stanslaus alikuwa amekaa barazani kwake Kawajense, mtaa wa mjini, kikombe cha chai kimeshapoa mkononi, alipomwona mzee mmoja wa Kisukuma akikata kona na fimbo begani, nyuma yake akikokota mtamba mwekundu. Mzee aliuliza kama hapa ndipo kwa sajenti. Pudensiana, mke wa Stanslaus, akamtolea kigoda na maji. Mgeni akanywa, akaulizia mvua, akaulizia watoto, maana mtu mwenye adabu hakimbilii shida yake. Kisha akasema yeye ni Nkwabi wa Kasansa, baba yake Ngusa.

Stanslaus alitamani ardhi ipasuke immeze.

Na kama mzee angekuja kwa matusi, ingekuwa afadhali. Alikuja kushukuru. Alisema Ngusa alipokwenda likizo kwao hakuwa na wimbo mwingine ila sajenti wake, kwamba huyo ndiye baba yake huko jeshini. Sasa amesikia kijana ameharibu, amemlemaza mtu, na treni ya leo inampeleka Tabora kushtakiwa. Alisema hayo yote akimtazama Stanslaus kwa upole, naye Stanslaus akawa anaitikia huku anatazama kwato za mtamba.

Habari yenyewe haikuwa ndefu. Mwaka ule watu wa Zaire walikuwa wanavuka ziwa kwa mitumbwi kukimbia vita, wanashukia Karema na vijiji vya jirani. Kikosi cha akina Stanslaus kiliwekwa kwenye mahema kando ya barabara ili kuwapekua, maana ilisemekana wengine wana silaha. Wakamkamata mvuvi mmoja wa Moba aitwaye Celestin, kwa sababu tu mtumbwini mwake kulikuwa na kasha tupu la risasi alilokuwa akiwekea ndoano zake. Luteni Gervas, mkuu wa kambi, alimtazama, akapanda gari. Akasema akirudi anataka jina la mwenye bunduki, akaenda zake kula samaki. Hakusema apigwe, hakusema afungwe. Wakubwa wana akili, mambo kama hayo huwaachia wadogo wayaelewe wenyewe.

Pingu kambini hazikuwepo, na kamba zote zilikuwa zimeshikilia mahema. Ngusa, mtoto wa wafugaji, akaona ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa jana yake. Akakata ukanda mbichi, akamfunga yule mtu mikono kwenye nguzo kama wanavyofunga ndama kwao. Lakini ndama hufunguliwa mapema, kwa sababu ngozi mbichi ikipigwa na jua hujikaza, na ikishajikaza haina huruma. Ngusa alilijua hilo. Jua lilipoanza kuchoma alikwenda kwa sajenti kumwambia ukanda umeshaanza kukaza, aruhusiwe kumfungua. Stanslaus alikuwa ananyoa ndevu mbele ya kioo kilichotundikwa mtini. Alijibu bila kugeuka.

"Mwache. Akibanwa kidogo atalikumbuka hilo jina."

Ngusa akarudi tena baadaye, akafukuzwa. Celestin hakuwa na jina la kukumbuka. Alilia mpaka adhuhuri, kisha akanyamaza, na huko kunyamaza wakakuita ukaidi. Luteni aliporudi, viganja vya Celestin vilikuwa vyeusi. Daktari wa mjini alivikata vyote viwili.

Meja, mkubwa wao wote, alipokuja kuuliza, luteni alisema hakuamuru mtu afungwe, na hilo lilikuwa kweli. Stanslaus akasema si yeye aliyefunga, na hilo nalo lilikuwa kweli. Ngusa akasema ndiye aliyefunga, kisha akamgeukia sajenti wake akisubiri aongeze yaliyobaki. Stanslaus akatazama buti zake mwenyewe. Kamba hukatikia pembamba, na pale pembamba palikuwa pa kijana wa Kasansa. Nyumbani, Pudensiana hakuambiwa zaidi ya hapo.

Sasa mzee alikuwa anaeleza shida yake.

"Kwetu, mtoto akimuumiza mtu hatuulizi nani kamtuma," alisema. "Ukoo unabeba. Huyu mtamba ni wa yule mtu. Ila wenye kosa hawajisemei, wanasemewa. Na mimi Kiswahili changu si unakisikia. Wewe ndo mzazi mwenzangu, utatusemea."

Stanslaus akatafuta udhuru. Akasema tumbo linamsumbua, akasema pengine hospitali hawaruhusu wageni saa hizi. Pudensiana akamshangaa mumewe, mzee wa watu katembea kutoka Kasansa na ng'ombe, yeye anamnyima maneno! Akaingia ndani akamletea shati safi. Stanslaus akalivaa, wakatoka.

Mtamba wakamfunga kwenye uzio wa hospitali. Celestin alikuwa amelala amegeukia ukuta, mikono yake iliyofungwa bendeji imelazwa juu ya shuka, na mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amemaliza kumlisha uji. Mzee Nkwabi akachuchumaa, akalaza fimbo yake sakafuni, akapiga makofi polepole kwa heshima, akanyamaza. Zamu ya msemaji ilikuwa imefika.

"Ndugu yetu," Stanslaus akaanza, "tumekuja kwa ajili ya mtoto wetu Ngusa. Mtoto amekosa, na sisi wazazi wake..."

Celestin akageuka. Siku ile alikuwa amefungwa uso umeelekea nguzo, watu hakuwaona sana, alikuwa anawasikia. Akampita Stanslaus kwa macho, akasema na mzee.

"Baba, hii sauti naijua. Mutoto yako alinipatia mayi ya kunywa, alikuwa anaomba wanifungue. Ni hii sauti ilikuwa inakatala."

Mzee hakuinuka. Alimwinulia Stanslaus macho tu. Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni, tena uongo mzuri, kwamba huyu mtu ana homa, kwamba sauti za askari zinafanana. Lakini zile bendeji zilikuwa pale kwenye shuka, fupi, na mzee alikuwa amechuchumaa mbele yake kuomba radhi ya kosa lisilo lake. Stanslaus aliona aibu ambayo hakujua mtu mzima anaweza kuiona, ikampanda mpaka masikioni.

"Ni kweli," alisema. "Alinijia mara mbili. Mimi ndiye niliyekataa."

Mzee akamgeukia Celestin. Akamwambia kwamba mtamba ni wake vilevile, kwa sababu mikono ya Ngusa ndiyo iliyofunga. Celestin akauliza atamshika na nini. Mzee akajibu kwamba atamfugia yeye zizini kwake Kasansa, na maziwa na ndama havitakuwa vya mtu mwingine. Alipomaliza hayo ndipo akaokota fimbo yake na kumgeukia Stanslaus.

"Sasa wewe, wa kukusemea ni nani?"

Stanslaus hakuwa naye. Alitoka pale akaenda stesheni moja kwa moja, anakimbia na kutembea, shati safi limelowa.

Meja alikuwa kando ya behewa pamoja na Luteni Gervas, na Ngusa ameshapandishwa. Stanslaus akasimama mbele yao akasema yote, jinsi kijana alivyoomba na jinsi yeye alivyomjibu. Meja akamuuliza, je, yeye haraka ya kupata hilo jina alipewa na nani. Stanslaus akamtazama luteni, akasema luteni aliagiza akirudi alikute jina.

"Nilisema nataka jina," luteni akakubali, wala hakukasirika. "Sikusema nataka mikono ya mtu."

Meja akakunja uso. Alimtazama luteni kwa muda mrefu, lakini hakuona pa kumshika. Akamwambia Stanslaus apande naye, watakwenda kuyasema hayo Tabora. Ngusa hatashuka, kufunga alifunga. Luteni akawatakia safari njema, akarudi kwenye gari lake.

Ndani ya behewa Ngusa alikuwa amekaa kati ya askari wawili. Kupitia dirishani alikuwa amesikia kila neno. Stanslaus alitegemea kutemewa mate, na kwa kweli aliyataka. Kijana akajisogeza, akampa nafasi ya kukaa.

"Shikamoo, afande," akasema, kwa heshima yake ileile.

Treni ikaondoka. Ngusa alikuwa bado anasubiri kuitikiwa, na Stanslaus akafungua mdomo, lakini marahaba ilikataa kutoka.