Siku Hugues Alipopima Moyo wa Mama

Kwenye matanga ya mama watu walisimulia mengi: alivyouza samaki wa moshi, alivyotulea mimi na mdogo wangu Chimène baada ya baba kufa, alivyogombana na kila mwimbaji aliyechelewa mazoezi ya kwaya. Hii ya moyo hawakuisimulia. Abé Patrice, padri wetu, alikuwa amekaa mbele, na Hugues mwenyewe alikuwa anapanga viti. Basi naiandika mimi, nisije nikaisahau. Kila nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni, na jirani anauliza kupitia ukuta kama niko salama.

Parokia yetu ya Kabondo ilikuwa inajiandaa kushindana kwa mtumbwi na akina mama wa ng'ambo ya mto. Mwaka uliotangulia mama mmoja wa kwetu alizimia katikati ya maji. Makasia yakagongana, mtumbwi ukazunguka, na tukarudishwa na wavuvi, tumefungwa kamba nyuma yao kama mbuzi wa kuuzwa. Kwa hiyo Abé Patrice alitangaza kanisani: safari hii hakuna anayeingia mtumbwini kabla ya kupimwa moyo.

Mama alikuwa amepangwa kukaa mbele kabisa, mahali pa yule anayetoa wimbo na kuweka mwendo. Alizaliwa Isangi, kwa wavuvi, lakini tangu aolewe mjini hakuwa ameshika kasia. Wiki nzima alifanya mazoezi na mwiko. Pondu, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa inaruka kutoka sufuriani hadi ukutani.

"Nikikosa hii mutumbwi," alituambia, "musiniite tena mutoto ya mutoni. Muniite mutoto ya bomba."

Tatizo lilikuwa mpimaji. Abé alimwita Hugues, aliyekuwa anamaliza masomo ya mazoezi ya mwili, na Hugues alikuwa mchumba wa mdogo wangu Chimène. Jamaa yake walikuwa wameshaleta divai ya uchumba nyumbani kwetu, nasi tulikuwa tumeshainywa. Maana yake alikuwa bokilo wa mama, mkwe. Kwa desturi yetu mama hakuweza kula mbele yake. Hugues naye hakuweza kumpa mkono wala kukaa kwenye kiti chake. Akija nyumbani, alisalimia kutoka kwenye kizingiti, ameinama kama mtu anayetafuta sarafu, na mama alimjibu akiwa nyuma ya pazia.

Jumamosi ile tulikusanyika uani kwa kanisa. Hugues alishuka kwenye toleka, teksi ya baiskeli, ikiwa bado inatembea, akiwa na nguo mpya za mazoezi na filimbi shingoni. Mama alikuwa anamalizia lituma, ndizi za kupondwa, na samaki. Alipomwona alisukuma sahani chini ya benchi na kumeza bila kutafuna. Machozi yakamtoka.

"Bon, bamama, munisikilize," Hugues alisema. "Kwanza nitapima moyo mukiwa mumepumzika. Kisha mutachuchumaa na kusimama, mara makumi tatu, kwa sekunde makumi ine na tano. Napima tena. Munapumzika dakika moja, napima mara ya mwisho. Moyo ya muzuri inapanda, kisha inashuka mbio. Yenye inakataa kushuka, mwenye nayo anabakia inchi kavu."

"Na magoti?" aliuliza Mama Françoise, rais wa akina mama, mtu wa Maniema, mnene na mwenye sauti ya kengele. "Magoti yenye inashuka na inakataa kupanda, utaipima na nini?"

Tulianza kucheka hapo, na sidhani kama tuliacha tena hadi jioni.

Alituita mmoja mmoja. Aliweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, akatazama saa ya simu, akahesabu. Kisha filimbi. Lakini mtu wa kwetu hawezi kuinama na kuinuka kimya. Wa kwanza alipoanza, wengine tukamwimbia wimbo wa kasia, na wimbo ukamchukua, na alipofika thelathini hakusimama.

"Basi! Mama, basi!" Hugues alipiga filimbi.

"Wimbo haijaisha!" tulimjibu.

Mama Françoise alichuchumaa mara kumi na nne, pagne, kitenge cha kiunoni, ikafunguka, na Abé Patrice akageuka haraka kusoma tangazo la ubatizo ambalo alikuwa ameliandika mwenyewe. Ilibidi aanze upya. Hata hivyo alifaulu, naye akabusu kifundo cha mkono wake kama medali.

Ikafika zamu ya mama.

Alikuwa amevaa pagne mbili, moja juu ya nyingine. Alikaa kwenye benchi, akageuza uso kuelekea ukuta wa kanisa, akafunika mkono kwa kitambaa cha kichwa, akaurudisha nyuma kama mtu anayetoa takataka. Hugues alikaa ncha ya pili, akageukia njia. Walipeana migongo kama watu waliogombana, mkono tu ukiwa katikati. Kwa kuwa kitambaa kilikuwa kizito, nilimwona akibonyeza kwa nguvu, kwa kidole gumba.

"Mia moja makumi tatu na sita," alisema, na akakunja uso. Sisi wengine tulikuwa sabini, themanini.

Mama alichuchumaa akiutazama ukuta, mwepesi kama mtu anayeokota karanga. Hakuhema. Hugues akapima: mia moja arobaini. Baada ya dakika moja: mia moja thelathini na sita tena. Alifanya hesabu yake ya mwisho, ile inayojumlisha zote tatu na kutoa jibu moja. Likipita kumi na tano, mtu haingii. La mama lilikuwa ishirini na moja.

"Abé," alisema kwa sauti ndogo, "Mama Clémence hawezi kuingia."

Mama alianza kufungua pagne ya juu, polepole, akaikunja, akaiweka magotini. Abé alimwangalia Mama Françoise, na Mama Françoise akaangalia miguu yake.

Chimène alimvuta Hugues pembeni, lakini wote tulisikia.

"Ukimutoa mama mule mutumbwini, divai yenu mutakuja kuibeba."

"Tulishaikunywa," nikamnong'oneza.

"Tutawarudishia machupa!"

Hugues alirudi kwenye benchi, akakaa na zile namba tatu. Alikuwa anatikisa kichwa. "Haiwezekane. Mutu anachuchumaa mara makumi tatu na moyo haisikie kitu? Hata ya mamba inasikia." Akamwomba mama mkono tena, kwa heshima, akiongea na njia. Mama akaurudisha nyuma. Akabonyeza kitambaa, akahesabu. Mia moja arobaini.

Kisha akakitazama kidole gumba chake. Akauachilia mkono wa mama, akakiweka kile kidole juu ya ubao wa benchi, akabonyeza, akaangalia saa.

Benchi nayo ilikuwa na mia moja arobaini.

Angeweza kusema simu imekosea, au jua ni kali, na kupima upya bila neno. Sisi hakuna aliyekuwa anajua mambo ya vidole. Lakini alisimama, akavua filimbi shingoni, sijui kwa nini, labda aliona hastahili.

"Abé, ile moyo nimehesabu haiko ya mama. Iko yangu."

"Yako namna gani?"

"Kidole kinene iko na mupigo yake mwenyewe. Kwa bengine bote nilitumia vidole mbili. Kwa mama…" Akaizungusha filimbi mkononi. "Kwa mama niliogopa. Nilibonyeza kitambaa, nikajisikia mwenyewe."

Abé Patrice alifikiri kidogo. "Donc mia moja makumi tatu na sita, ni wewe? Umekaa kwa benchi?"

"Ni mimi, Abé."

"Na haukuchuchumaa hata mara moja?"

"Hapana, Abé."

"Basi huyu ndiye hawezi kuingia mutumbwini!" alipiga kelele Mama Françoise. "Mumulalishe chini! Mumuletee maji! Ishirini na moja, na hajashika hata kasia!"

Hapo kila mtu alianguka kwa kicheko. Abé alivua miwani na kujifuta. Nilimwangalia mama. Bado alikuwa ameelekea ukuta, lakini mgongo ulikuwa unatetemeka, na niliogopa analia. Hakuwa analia.

"Fanny," aliniambia, akiuambia ukuta, "umwambie huyu mutoto ya batu: kama mukono ya mama inamufanya hivi, siku ya ndoa tutamubeba na machela?"

Chimène alijificha ndani ya pagne yake. Abé Patrice alirudi kusoma tangazo la ubatizo.

Tulikubaliana hivi: Hugues asimame mbali, karibu na lango, ametugeuzia mgongo, apige filimbi na kutangaza wakati. Mimi nihesabu. Alinionyesha vidole viwili na mahali pa kuviweka, chini ya kidole gumba, akitumia kwanza mkono wa Chimène kwa mfano. Ila mama alipaswa kwanza kuacha kucheka ili moyo utulie, na hakuna aliyemsaidia. Kila akinyamaza, mtu mmoja alisema "benchi", na tukaanza upya.

Mwishowe alitulia. Nilifunua kitambaa. Mkono wake ulikuwa na harufu ya moshi wa samaki, na chini ya vidole vyangu moyo ulikuwa unapiga polepole, sawasawa, kama mtu anayetwanga bila haraka. Sikuwahi kumgusa mama hivyo, kwa kumsikiliza. Nilisahau kuhesabu. Ikabidi niombe filimbi ipigwe tena.

Sabini na mbili. Baada ya kuchuchumaa, mia moja kumi na sita. Baada ya dakika moja, themanini na nne. Hugues alifanya hesabu yake langoni na kupaza sauti bila kugeuka: "Saba! Saba na kidogo! Anaingia!" Mama akainuka na kufunga tena pagne ya pili.

Siku ya mashindano alikaa mbele. Akina mama wa ng'ambo walitupita, siwezi kudanganya, na walifika mapema sana kabla yetu. Lakini mama hakugeuza hata kichwa kuwatazama. Tulipita mstari, watu wakipiga makofi, Abé akitupungia mikono turudi ukingoni, na mama bado anatoa wimbo. Mtumbwi ulikuwa unashuka na maji, makasia yetu yakiingia pamoja, nasi nyuma yake tunapiga na kucheka, na hakuna hata mmoja aliyetaka kumwambia kwamba mashindano yamekwisha.