Mama wa Nne wa Timu ya Corwin

Timu yetu ya besiboli hapa Corwin ni ya daraja la chini, na timu ya namna hiyo haijilei. Timu kubwa ya mjini huiletea wachezaji, huwalipa, na wakishaiva huwachukua. Sisi huiita timu mama. Tangu niolewe tumekuwa na mama wanne: Wahunzi, Kulungu, Mbweha, na sasa hawa Manahodha. Kila mama akiondoka huondoka na vijana wote, hata wale tuliowalaza nyumbani kwetu na kuwapikia. Sisi hubaki na uwanja, na kofia ambazo hazivaliki tena.

Mume wangu Delbert ndiye mtangazaji wa uwanjani. Jioni ya ufunguzi wa msimu alisema kwa ile sauti yake nzuri, "Karibuni, hawa ni watoto wa Kulungu." Kulungu walituacha zamani, wanangu wakiwa bado shuleni. Watu walicheka, kisha wakatazamana.

Kesho yake Kirsten, meneja wa timu, alinivuta kando.

"Bibi Arlene, Manahodha wamemleta mtu wao kutukagua. Mzee akikosea tena leo, kipaza sauti nitampa mwingine. Usinichukie."

"Sikuchukii, mwanangu. Nimechoka tu."

Jioni nikapanda na Delbert kwenye kibanda cha utangazaji. Nilimtajia Manahodha mara nyingi, naye akalisikiliza jina hilo kama mtu anayemtazama mgeni mlangoni. Mara kocha, Ramiro Quiñones, akapanda ngazi akihema.

"Mzee, umewasahau tena?"

"Nawakumbuka wote. Sijui tu yupi ni wa leo."

Kocha akacheka. "Hata mimi. Nimefundishia mama wengi, asubuhi naangalia kofia nijue mimi ni wa nani. Waite wa Corwin, yaishe."

"Mkaguzi wenu atanuna," nikasema.

"Yule? Yuko na soseji yake. Mwache."

Delbert akawasha kipaza sauti. "Karibuni. Hawa ni vijana wa Corwin." Akawataja mmoja mmoja, hata wale waliotoka Jamhuri ya Dominika, wenye majina marefu, na hakukosea. Watu wakapiga makofi. Mkaguzi hakuinua kichwa.

Mchezo ulipofika katikati, Kirsten akaja. Nilidhani amefuata kipaza sauti. Alikuwa amebeba mto.

"Kiti hicho kigumu, mzee," akasema. Akamwekea, akashuka zake.

Delbert akaniuliza nani anafuata kupiga. Nikamwambia.