Mwambie Baba Yako

Mwalimu wetu wa filamu ana imani moja tu maishani, nayo ni kwamba wazo lisiloingia kwenye sentensi moja halitaingia kwenye filamu. Hata ukimwomba ruhusa ya kwenda msalani anataka sentensi moja, yenye mwanzo na mwisho. Ijumaa tulitakiwa kusimama mbele ya jopo, kila kikundi na wazo lake la filamu fupi, na kikundi kimoja tu ndicho kingepewa kamera, taa na ruhusa ya kurekodi. Sisi wengine tungebaki kuwashikia taa hao waliobahatika, muhula mzima. Mimi nimewahi kushika taa. Mkono unakufa ganzi, na jina lako linakuja mwishoni watazamaji wakiwa wameshaanza kutafuta viatu vyao.

Kwa hiyo niliitaka kamera ile, niseme ukweli, kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Wazo nilikuwa nalo: mke na mume wamenuniana, wanaishi nyumba moja, na kila wanachotaka kuambiana kinapitia kwa mtoto wao. Mwenzangu wa kikundi tunamwita Kata, kwa sababu hilo ndilo neno analopenda kuliko yote kupaza tunaporekodi. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta macho, akauliza inaishaje.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Sikujua inaishaje, maana nyumbani kwetu ilikuwa bado inaendelea.

Baba yangu ni fundi redio na mama ni fundi cherehani. Wote wawili wanafanyia kazi sebuleni, mmoja dirishani, mwingine mlangoni, na katikati pana meza yenye nyuzi upande huu na nyaya upande ule. Ugomvi ulianza siku baba alipomwambia mjomba, mbele ya wageni, kwamba mama anakoroma. Wageni walicheka. Mama hakucheka. Tangu siku hiyo mimi ndiye simu ya nyumba.

"Mwambie baba yako chai ipo mezani." Baba yuko palepale, chai anaiona, mkono wake unaifikia, lakini hagusi kikombe mpaka nimwambie. Na ujumbe siupeleki kama ulivyo, ningefanya hivyo nyumba ingeshaungua. Mama akisema mwambie huyo mtu redio zake zinamtoboa masikio, mimi nasema, baba, mama anaomba upunguze sauti kidogo. Baba akijibu kwamba mwenye kelele humu ndani anajulikana, mimi nasema, mama, baba amesema sawa. Wanasema mjumbe hauawi. Hawakusema kama anachoka.

Kata ndiye aliyeshauri tufanye mazoezi mbele ya watu wasiojua lolote kuhusu filamu. Kwao kulikuwa na mafundi wa rangi, chuoni kila chumba kilikuwa na kikundi kinachojisifu, kwa hiyo tukabaki na sebule yetu. Nilijihami. Mume nilimfanya dereva, mke nikampa kazi ya upishi shuleni, binti nikamgeuza mvulana, na habari za kukoroma nikazifuta kabisa. Nikajiona mjanja.

Kata aliwaamkia wazee, akavuta kiti, akakunja mikono kifuani kujifanya jopo. Nikasimama katikati ya sebule nikasema sentensi yangu. Ilikuwa na "ambaye" tatu na "ilhali" moja, na ilipofika mwisho haikuwa na mwisho.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Bisibisi ya baba ilikuwa hewani.

"Mwambie baba yako," mama alisema, "huyo mume wa kwenye filamu ana matatizo."

Nikamwambia. Baba akasema nimwambie mama kwamba mume hana tatizo lolote, ila ameoa mtu asiyejua utani. Nikafikisha, makali nikiwa nimeyapunguza. Mama akasema nimwambie baba utani una mipaka yake. Baba akasema nimwambie mama kwamba tatizo ni hadithi yenyewe, haina uhalisia, watu wazima wa namna hiyo hawapo duniani. Mama alifikiri kidogo, akasema nimwambie baba kwamba hapo amesema kweli.

Kata alikuwa ameuma kola ya shati lake asicheke. Alipoiachia alikohoa, akauliza kwa heshima zote: tuseme watu hao wangekuwepo, wazee wangu wangependa iishe vipi?

Mama alitaka mke afungashe vyake arudi kwao. Baba alitaka mume augue, si sana, kiasi cha mke kujuta. Mama akauliza mke atajuaje kama mume anaumwa, na mtoto yuko shule? Baba akasema siku hiyo mtoto asiende shule. Mama akasema mtoto hawezi kukosa masomo kwa ajili ya homa ya kujitakia. Yote hayo niliyapeleka na kuyarudisha, uso huku, uso kule, mpaka shingo ikaniuma, na mahali fulani nikachanganyikiwa nikamrudishia mama maneno yake mwenyewe. Aliyapinga vikali.

"Na huyo mtoto," Kata aliuliza, sasa hacheki, "yeye anasema nini?"

Nikamjibu kwamba mtoto hana maneno. Ana ya mama na ana ya baba.

"Filamu nzima? Hata neno moja?"

"Analo," nikasema. "La mwisho." Nami nilikuwa silijui mpaka lilipotoka. "Ambianeni."

Lilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na halikutoka kwa mvulana wa kwenye filamu. Nilikuwa na hasira nao, na nilikuwa nawapenda, na niliona aibu kulia mbele ya Kata, lakini nililia.

Baba aliweka bisibisi chini. Alimtazama mama, yeye hasa, si mimi.

"Mwenzangu," alisema, "tumemfanyia nini mtoto huyu?"

"Tumemfanyia?" mama akasema. "Wewe ndiye uliyeanza."

Wakaanza. Kila ujumbe niliokuwa nimeutia sukari njiani ulirudi ukiwa mchungu kama ulivyozaliwa, pamoja na mingine ambayo hata mimi sikuwahi kupewa. Kata na mimi tulitoka nje taratibu na hakuna aliyetuona. Tukiwa chini ya dirisha tulimsikia baba akisema samahani. Mama akamwambia arudie, hakusikia vizuri. Akarudia. Mama bado alikuwa hajasikia vizuri.

Ijumaa nilisimama mbele ya jopo. Nilisema mke na mume wanaambiana kila kitu kupitia mtoto wao, mpaka siku mtoto anapopata neno lake mwenyewe. Mwenyekiti, mama mmoja aliyening'iniza miwani shingoni, akauliza ni neno gani. Nikamwambia. Mwalimu wetu alilirudia polepole, akasema mbele ya wote kwamba hiyo ni sentensi.

Walinong'onezana. Kisha mwenyekiti akavaa miwani, akasema kamera ni yetu, ila ana wasiwasi mmoja. Wanafunzi wenzetu wataigiza kununa kwa dakika mbili halafu watacheka. Tungewapata wapi watu wazima wanaoweza kununiana kwa moyo wote kiasi kile?

"Nilikuwa nao wawili, wazuri sana," nilimjibu. "Lakini wameharibika. Wameanza kuongea, na sioni dalili ya kunyamaza."