Foleni ya Kuhesabiwa

Hii nitakayokusimulia hutaiamini, na sikulaumu, maana hata waliokuwepo pale wanaisimulia huku wanaangalia chini. Mtaa mzima uliamka asubuhi kwenda kupanda mabasi bila safari yoyote. Watu wazima, akili timamu, na viatu vya kazini wamevaa. Aliyewapanga ni mtu mmoja tu, fundi redio, wanamwita Spika kwa sababu anakodisha vipaza sauti na yeye mwenyewe akianza kuongea huna pa kumpunguzia sauti.

Ngoja nikupange vizuri uelewe.

Mtaa wenyewe ni mpya. Juzi juzi tu palikuwa pori, leo ni mabati mpaka macho yanachoka. Reli inaishia mbali, kule kwenye maghala, na kutoka hapo mpaka mtaani ni barabara moja nyembamba yenye mashimo ya kuogea bata. Watu karibu wote kazi zao ziko mjini. Wanatoka gizani, kabla mabasi hayajaanza, huyu kwa miguu, huyu kadandia lori la mchanga, hawa watatu kwenye pikipiki moja. Wakirudi watoto wamelala. Kuna fundi bomba mmoja, Jumapili moja mwanawe mdogo alimwambia mama yake, "Mama, yule mgeni ameamka." Majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Fundi bomba akaingia ndani, hakutoka tena siku ile.

Kwa hiyo shirika la reli liliposema linafikiria kurefusha reli, Spika alilibeba jambo hilo kama lake peke yake. Vikao vikawa kwenye kibanda chake, katikati ya redio zilizopasuliwa matumbo. Mwenyekiti wa mtaa, yule mwenye duka la saruji na misumari, ndiye aliyekuja na habari yenyewe. Wahesabuji wanakuja kituo cha basi, asubuhi moja tu, kuhesabu wanaopanda. Wakiona watu wachache, reli inageuzwa upande mwingine wa mji.

"Wanaanza saa ngapi?" Spika akauliza.

"Kukishakucha."

"Kukishakucha watu wetu wameshaondoka, mwenyekiti. Watahesabu kuku."

Hapo ndipo akili ya Spika ikachemka. Akasema, kama wenye safari hawaonekani, basi tuwaonyeshe wasio na safari. Wafua nguo, wenye maduka, wastaafu, vijana waliomaliza shule wakakosa kazi, wote waje kituoni wapange mstari. Wapande basi kweli kweli, washuke kituo kinachofuata, warudi kwa njia ya nyuma, wapange tena.

"Huo si uongo?" akauliza mama mshonaji, jirani yake.

"Uongo uko wapi, mama? Watu ni wale wale. Tunaleta mchana kitu kinachotokea usiku."

"Na goti langu hili?"

"Goti lako ndilo linaloomba reli."

Wakacheka, na dada yake Spika akacheka kuliko wote. Huyu dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akamwogesha, akampeleka shule, akamchapa alipostahili. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Mumewe ni mlinzi wa usiku huko mjini, anarudi asubuhi wenzake wakiwa wameshaondoka.

Siku ikafika. Aisee, ungeiona ile foleni. Ilitoka kituoni, ikapita duka la mwenyekiti, ikakata kona, ikapotelea nyuma ya msikiti na kanisa. Wahesabuji walikuwa wawili, fulana za njano, kila mmoja na kidude mkononi, mtu akipanda wanabonyeza, ka, ka, ka. Spika kashika kipaza sauti kidogo, jasho linamtoka, anatembea juu na chini kama bwana harusi.

"Mstari, jamani, mstari. Leo hakuna kupitana, hakuna undugu."

Hata wa pikipiki alishawaambia wakae mbali, wasije wakapunguza idadi ya watu wa mabasi. Mama mshonaji alipanda mara ya tatu akiwa amebadilisha kitambaa cha kichwa. Alipopita karibu na Spika akamnong'oneza, "Dereva ananiuliza kama nimetoroka nyumbani." Spika alijiuma midomo asicheke mbele ya wahesabuji.

Ndipo dada yake akaja. Hakuja kutoka kwenye mstari, alikuja pembeni, mkono mmoja kifuani, khanga kaifunga vibaya.

"Mdogo wangu, nipitishe mbele. Kifua kinabana."

"Dawa ya kupuliza?"

"Imeisha usiku. Nataka nikawahi hospitali."

Spika akageuza macho. Mmoja wa wale wa fulana za njano alikuwa anawatazama, kidude kimetulia mkononi. Na mbele pale, wale waliokuwa karibu na mlango wa basi, hakuna hata mmoja aliyekuwa anaenda mahali. Alitakiwa aseme neno moja tu. Lakini akawaza, nikimpitisha huyu, na wengine wataanza, mstari utavunjika, wataona ni mchezo.

"Dada, yule anatuangalia. Simama hapo katikati, basi linalofuata ni lako."

Dada akamtazama. Hakubisha. Alikuwa mtu wa kumwonea fahari mdogo wake hadharani hata akikosea. Akaenda akasimama katikati.

Basi lililofuata likajaa kabla ya kumfikia. Waliojaza ni wale vijana waliomaliza shule, wakatoa vichwa madirishani, wanapunga mikono kama wanaenda harusini. La pili likachelewa. Dada akakaa kwenye jiwe. Mtu akampisha kivuli, mwingine akampepea na kipande cha boksi. Spika alikuwa mwisho wa foleni anawaweka sawa wastaafu, akaona watu wameinama mahali pamoja, akadhani kuna kitu kimeanguka.

Pikipiki hakuna. Walimpakia kwenye gari la mwenyekiti, juu ya mifuko ya saruji, Spika kamkumbatia kichwa. Barabara unaijua nimeshakueleza. Kwenye kila shimo gari linasimama kabisa, halafu linapanda taratibu, na Spika anapiga bodi na kiganja, "Twende, twende." Kabla ya kufika maghala, kule reli inakoishia, dada alikuwa hapumui tena.

Msibani Spika hakuongea. Watu wakasema maskini, uchungu. Mama mshonaji alikuwa anapita na birika, akifika alipokaa Spika anaangalia pembeni. Hakuna aliyelitaja lile jambo, na ukimya ule ulikuwa umepangika vizuri kuliko foleni yenyewe.

Baada ya mazishi mwenyekiti akamvuta uani.

"Sipendi kuongea haya msibani. Lakini reli wameitisha mkutano, wanataka kusikia wananchi. Wewe ndiye utasimama."

"Nisimame niseme nini?"

"Useme dada yako kafia kwenye foleni ya basi. Si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi. Ukweli hauna deni."

Jioni ile ile shemeji yake, yule mlinzi, akaja kukaa naye kwenye mkeka. Bado alikuwa na sare ya kazi, hakuna aliyemkumbusha kubadilisha. Akauliza polepole, kama mtu anayepapasa giza.

"Shemeji, mimi kila asubuhi nashuka pale kituoni. Miaka yote hii. Sijawahi kuiona foleni kama hiyo mnayoisema, na siku ile nimefika mmeshaondoka."

Spika akakohoa.

"Nakuuliza tu. Siku ile ilikuwa na nini?"

Kabla hajajibu, shangazi mmoja akaja na sahani ya chakula, wageni wakaingia, na swali likabaki pale pale kwenye mkeka.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule. Mbele meza, nyuma ya meza mhandisi wa reli, mama mmoja mpole mwenye miwani, na mmoja wa wale wahesabuji pembeni yake. Mtaa wote umejaa. Fundi bomba kaacha kazi siku hiyo, kaja na mwanawe mabegani. Shemeji yuko mstari wa pili.

Spika akapewa kipaza sauti, kipaza chake mwenyewe alichokodisha. Akaeleza habari za giza la asubuhi, malori ya mchanga, watoto wasiowajua baba zao. Yote kweli. Akaeleza habari za dada yake, sauti ikakatika, wanawake wakajifuta macho. Hiyo nayo kweli.

Mhandisi akavua miwani.

"Pole sana, kaka. Nina swali moja, na nisamehe kukuuliza. Wenzangu wa mjini wanaitilia shaka hesabu ya siku ile. Ile foleni iliyomchelewesha dada yako, huwa iko hivyo kila siku?"

Juu mabati yakalia kwa jua. Akisema hapana, hesabu inafutwa, reli inaenda upande mwingine, na watu hawa wote wataendelea kufa kidogo kidogo barabarani. Akisema ndiyo, jibu linamfikia mhandisi, na linamfikia mwanaume mwenye sare aliyekaa mstari wa pili, ameinua uso, anangoja.

"Kila siku, mheshimiwa," Spika akasema.

Mhandisi akatikisa kichwa kwa huzuni, akavaa miwani yake. Makofi yakalipuka. Mwenyekiti alisimama kabisa. Mama mshonaji peke yake alibaki na mikono mapajani.

Nje, shemeji alimsubiri mlangoni. Spika akajiandaa kwa ngumi, na nadhani aliitaka. Shemeji akamshika bega, akaegemea hapo kwa uzito wake wote.

"Asante, shemeji. Kumbe mimi nafika foleni ikishakwisha. Nilikuwa nimeanza kuwaza vibaya kuhusu watu. Nilikuwa silali."

Akaanza kulia palepale, kichwa begani kwa Spika, na Spika kasimama wima, mkono mmoja umemzunguka, mwingine bado umeshika kipaza sauti. Watu wakawapita kimya kwa heshima. Fundi bomba akapita na mwanawe, mtoto anauliza treni inakuja lini.

Sasa niambie wewe, bila kujipendekeza. Pale mbele ya mhandisi, na shemeji yako anakutazama, ungejibu nini?